Msimu wa Washambuliaji Watatu

Harufu ya betri iliyovuja inakaa nyuma ya pua na haitoki upesi. Nilikutana nayo mwezi uliopita nilipofungua sanduku la bati la mama yangu, wiki chache baada ya kumzika. Tulimwita hooyo, kama watoto wote wa Kisomali wa Garissa wanavyowaita mama zao. Chini ya shuka zake na kichupa cha uudi kilichokauka kulikuwa na redio yetu ya zamani, na ndani ya redio betri mbili kubwa zilizokwisha kutoa unga mweupe. Chini ya redio kulikuwa na kitu kingine, nitakifikia. Kwanza nilikaa sakafuni na redio mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nililia sana, na si hooyo peke yake niliyekuwa nikimlilia.

Nyinyi mliokua miaka ile mnakumbuka jinsi betri zilivyoanikwa. Zikichoka unazipanga juu ya bati la paa asubuhi, jua la Garissa linazichoma mpaka adhuhuri, unazirudisha kwa kuzishika na khanga zisikuunguze, na redio inapata uhai wa saa nyingine moja. Kuanika ilikuwa kazi yangu. Kusikiliza ilikuwa kazi ya kaka yangu Sahal.

Sahal alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi. Baba alikuwa na ngamia upande wa Bura na tulimwona mvua hadi mvua, na hooyo aliuza maziwa sokoni kuanzia alfajiri, kwa hiyo nyumbani mara nyingi tulikuwa wawili tu. Sahal alikuwa amemaliza shule na hakuwa na kitambulisho. Alikuwa amekiomba mara nne na kila mara aliambiwa arudi na karatasi nyingine. Kijana asiye na kitambulisho kwetu havuki daraja la Tana, maana ng'ambo ya daraja kuna kizuizi, na kwenye kizuizi kuna watu wanaokuuliza wewe ni wa wapi. Basi dunia yake ilikuwa mtaa wetu, ukumbi wa video uliokuwa karibu na kituo cha malori, na mpira wa Ulaya.

Msimu ule wa Kombe la Ulaya kaka yangu hakuwa mtazamaji tu. Mtu mmoja wa redio kutoka Nairobi alipita Garissa kwa shughuli zake, akamsikia Sahal akitangaza mechi ya vijana uwanjani kwa kipaza sauti cha kuazima. Alimwita pembeni akamwambia maneno ambayo Sahal aliyarudia nyumbani mpaka hooyo akachoka: sauti unayo, lakini hutangazi redioni ukisema "basi" ukimaanisha pasi. Jifunze Kiswahili sanifu, kisha fainali ya Ulaya ikichezwa, itangaze yote kwenye simu yako unitumie. Nikiipenda nitakutafutia nafasi, na kitambulisho tutaona.

Kisomali hakina p. Mimi niliitoa bila shida kwa sababu niliianza mapema, tena nilikuwa na mwalimu. Sahal kila p iliyofika mdomoni mwake ilitoka b. Kipa alikuwa "kiba" na penalti ilikuwa "benalti", na hata v ilitoka f. Shuleni tulikuwa tumefundishwa ujanja: unashika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, ukisema b karatasi inatulia, ukisema p inaruka. Nikamfundisha kaka yangu. Kila alasiri alikaa nyuma ya nyumba juu ya mtungi wa plastiki, mswaki wa mti mkononi kama maikrofoni, nami nimesimama mbele yake na kipande cha karatasi kama askari wa barabarani.

"Biga basi!" alisema Sahal.

"Haijaruka."

"Imeruka kidogo, abaayo. Angalia fizuri."

"Hiyo ni upepo."

"Wallahi wewe ni mkali kuliko refa."

Aliniita abaayo, dada, kwa sauti ya kubembeleza, na mimi nilijiona mtu mkubwa sana. Siku karatasi iliporuka kwa mara ya kwanza, kwenye neno penalti, alinibeba mabegani akazunguka nyumba akipiga kelele "penalti! penalti!" mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Nikiulizwa leo siku yangu ya furaha kuliko zote ni ipi, nitasema ni hiyo, wala sitafikiri.

Mwalimu aliyetufundisha ujanja wa karatasi alikuwa Madam Mwende, mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Bara, yaani aliyetoka ng'ambo ya daraja. Nilimpenda kwa sababu moja ambayo labda ninyi mtaiona ndogo. Jina langu ni Deqa, na walimu wote wa Bara waliniita Deka. Madam Mwende alijitahidi. Aliikaza ile q kooni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, darasa likacheka, naye akacheka na kujaribu tena. Aliishi kwenye chumba cha shule, hatua chache kutoka mlango mkubwa wa chuma. "Hili ni lango," alitufundisha akiugonga kwa chaki. "Si geti. Lango. Na huyu mzee anayekaa hapa ni mlinzi, si wochimani." Mzee mlinzi alitupungia rungu lake, na sisi tukaandika.

Mwaka ule walimu wa Bara walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Hatukuambiwa kwa nini, lakini tulijua. Redio ilisema. Kila juma habari za saa moja zilikuwa na neno lile: washambuliaji. Washambuliaji walifika kwa miguu. Washambuliaji walikuwa watatu. Mlinzi wa lango alikuwa wa kwanza kuanguka. Nililijua neno hilo kabla ya kujua nusu ya maneno ya kitabu cha darasa la nne, na nililijua kwa maana hiyo moja tu. Chumbani kwa Madam, nilipompelekea madaftari, niliona begi lake jekundu karibu na mlango, limefungwa zipu hadi mwisho. Wiki iliyofuata lilikuwa pale pale, halijafunguliwa. Khanga yake ya kulalia ilikuwa juu yake, imekunjwa.

Halafu ukumbi wa video ukafungwa. Asubuhi moja kulikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni, na kufikia adhuhuri mwenye ukumbi alikuwa ametoa televisheni, dishi na mabenchi yake yote. Hakuna aliyetuambia watoto karatasi ilisema nini. Niliuliza nikapigwa kofi la mdomo na hooyo, ambaye hakuwa mtu wa makofi. Baada ya hapo vijana hawakuongea mpira barabarani. Waliokuwa wakibishana kwa makelele kuhusu Wekundu na Weupe sasa walisimama wawili wawili, na mtu akipita walinyamaza. Korongo wakubwa wanaokaa juu ya miti karibu na machinjio walihamia miti ya mathenge nyuma ya ukumbi, wakasimama pale vipara vyao vikielekea chini. Najua walifuata takataka. Wakati ule niliamini walikuwa wanangoja.

Sahal naye alibadilika. Karatasi hatukuishika tena. Alinunua daftari akaliweka chini ya godoro, na nilipoingia alilifunika. Alianza kunong'ona peke yake nyuma ya nyumba, midomo ikienda mbio bila sauti. Nilipomuuliza anasema nini alijibu, "Maneno ya wakubwa. Enda cheza." Nilichukia. Mimi niliyempa p yake, leo naambiwa nikacheze.

Ilikuwa Jumatatu, alasiri, hooyo yuko sokoni. Nilikuwa juu ya ngazi ya mbao nikichukua betri kwenye paa, na upande wa pili wa ukuta wa mabati Sahal alikuwa na rafiki yake Gurey. Hawakuniona. Walikuwa wanasema kwa Kiswahili, jambo lililonishangaza, maana vijana wawili wa Kisomali hawana sababu ya kunong'onezana kwa Kiswahili.

"Jumatano," alisema Gurey. "Saa nne kasorobo. Kuja mmoja mmoja, siyo bamoja. Na simu zima."

"Mlango?"

"Nitaacha wazi. Madirisha nimefunika na blanketi."

Kisha Sahal akaanza, kwa sauti ya chini sana ambayo sikuijua, sauti safi na baridi kama ya msoma habari:

"Washambuliaji ni watatu. Wawili watatokea pembeni, wa tatu anapita katikati, moja kwa moja hadi eneo la hatari. Mlinzi ameanguka! Lango liko wazi. Anafyatua kombora..."

"Na sisi tutabona?" Gurey aliuliza, akicheka kidogo.

"Hawaponi. Jumatano wanazikwa nyumbani kwao."

P yake ilikuwa kamili. Hawaponi. Hata bila karatasi niliiona ikiruka.

Sijui niliteremkaje kwenye ngazi. Betri zilikuwa za moto mikononi na sikuzihisi mpaka baadaye nilipoona malengelenge. Mlinzi nilimjua, alikuwa mzee anayetupungia rungu. Lango nililijua. Nyuma ya lango, hatua chache tu, kulikuwa na chumba chenye begi jekundu. Usiku ule nililala na Sahal chumba kimoja kama kawaida, yeye kwenye godoro na mimi kwenye mkeka, nikamsikiliza akipumua. Alilala vizuri. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi ya yote, kwamba mtu anaweza kulala vile.

Nisieleweke vibaya. Sikwenda kumshtaki kaka yangu. Wazo hilo halikunijia kabisa. Nilitaka Madam asiwepo Jumatano, basi. Nilifikiri naweza kumwokoa yeye na kumficha Sahal, kama mtoto anavyofikiri kwamba akifunika macho haonekani. Jumanne wakati wa mapumziko nilikwenda kwenye meza yake.

"Madam, kesho usikuwe hapa."

"Nisiwe hapa," alinisahihisha kwanza, kwa mazoea. Halafu akaniangalia. "Kwa nini, Deqa?"

Aliikaza ile q vizuri kuliko siku zote. Nadhani ndiyo iliyonivunja. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili kile kile sanifu nilichokisikia, maana nilikuwa mwanafunzi mzuri: washambuliaji watatu, wawili pembeni, mmoja katikati, mlinzi ataanguka, lango liko wazi, saa nne kasorobo. Chaki aliyoshika ilikatika. Aliuliza kwa sauti ndogo nimesikia wapi. Akapiga magoti mbele yangu, mwalimu, kwenye vumbi la darasa, akanishika mabega.

"Mtoto wangu, nani amesema maneno haya? Niambie tu mimi."

"Sahal," nikasema. "Lakini ni mzuri, Madam. Wallahi ni mzuri."

Jumatano asubuhi begi jekundu halikuwepo na darasa letu halikuwa na mwalimu. Nilifurahi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilirudi nyumbani nikiruka, nimeokoa mtu.

Baada ya swala ya alasiri gari la kijivu lisilo na namba lilisimama nje. Lilikuwa limepita mara mbili asubuhi, polepole, na jirani alikuwa amewaita watoto wake ndani. Waliteremka wanaume wawili waliovaa mashati ya kawaida, wakabisha hodi kwa adabu. Mmoja alinitabasamia akaniuliza kama kaka yuko. Sahal alikuwa nyuma, juu ya mtungi, mswaki mkononi. Niliangalia mikono yake kwa makini, nikitafuta ile silaha ambayo ingenithibitishia kwamba sikukosea. Kulikuwa na mswaki tu. Walichukua simu yake, wakamwambia ni maswali kidogo, atarudi jioni. Alipopita mbele yangu alinigusa kichwa.

"Anika betri, abaayo," alisema. "Usiku nitahitaji."

Nilizianika, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuanguka.

Jioni hiyo hakurudi, wala wiki hiyo. Hooyo aliacha kuuza maziwa. Kila siku alijifunga mtandio akaenda kukaa nje ya lango la ofisi moja, kisha la nyingine, na chupa ya chai aliyoamini Sahal ataitaka akitoka. Kila mahali alijibiwa kwamba kijana wa jina hilo hayuko. Gurey alipelekwa na wazazi wake kwa jamaa zao mbali na mji, na hakuna aliyekuja kwetu tena. Hata waliotusalimu walitusalimu wakitembea.

Na mimi? Mimi nilikuwa na siri mbili, na sikujua ipi nzito zaidi. Ya kwanza ni kwamba nilisema. Ya pili ni kwamba niliamini. Kwa zaidi ya wiki tatu niliamini kaka yangu ni mshambuliaji. Nilimwona hooyo akisujudu na kumwombea, nikafikiri: masikini, hajui anamwombea nani. Nilimkumbuka sana Sahal, na wakati huo huo niliogopa kurudi kwake. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kubeba vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Jumamosi moja usiku hooyo alilala mapema kwa uchovu, nami nikaichukua redio. Nilitaka habari. Nilikuwa nikizisikiliza kila siku, sikio kwenye spika, nikingoja kutajwa kwa jina lake kati ya majina mabaya. Betri zilikuwa dhaifu, sauti ilikuja na kuondoka. Nikazungusha kidude cha kutafutia, na mtu akasema wazi kabisa ndani ya sikio langu:

"Washambuliaji ni watatu! Wawili wanatokea pembeni..."

Nikasema, imetokea, ni leo.

"...anaingia eneo la hatari, mlinzi ameanguka, lango liko wazi, anafyatua kombora... nje! Kombora linapita juu ya lango! Ni mpira wa kipa, mabibi na mabwana, bado hakuna mbabe, fainali ya Ulaya..."

Kulikuwa na watu maelfu wakiimba nyuma yake.

Nilikaa gizani nikisikiliza dakika nyingi kabla ya kuelewa, au labda nilielewa mara moja na nikakataa. Kisha nikainua godoro. Daftari lilikuwa pale, wale wanaume hawakulitafuta. Nikaliwashia tochi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi yake makubwa ya kulalia upande, safu mbili, aliyoyanakili kutoka redioni:

fowadi – mshambuliaji
beki – mlinzi
goli – lango
boksi – eneo la hatari
shuti kali – kombora

Maneno ya upande wa kushoto nilikuwa nayajua yote. Niliyasikia kwa vijana tangu natambaa. Kumbe Jumatano ile ilikuwa mechi tu, ya kutazamwa kwa siri kwa Gurey, maana ile karatasi ya ukumbini ilikuwa imekataza mpira. Kama angesema fowadi, ningeendelea kuanika betri zangu. Alisema mshambuliaji kwa sababu mtu wa Nairobi alimwambia Kiswahili sanifu, na mimi nikamwelewa kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili. Nilijiuma mkono ili hooyo asiamke. Alama ya meno ilikaa siku tatu.

Fainali ilikuwa ndiyo hiyo aliyokuwa akiingoja, na ilikuwa ikichezwa bila yeye. Basi nikafanya kitu pekee nilichoweza. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye daftari lake kila nilichosikia, mwanzo wa kipindi cha pili hadi mwisho, mkono ukikimbia nyuma ya sauti: nani kampa nani pasi, nani kashambulia, lango lipi limeponea. Redio ilipozimika nilizitoa betri nikazisugua, nikazipumulia, nikazirudisha. Ziliendelea mpaka penalti ya mwisho. Weupe walichukua. Wekundu walikuwa timu ya Sahal.

Alirudi baada ya mvua, alasiri, kwa miguu kutoka upande wa daraja. Hooyo aliiangusha sufuria. Alikuwa amekonda, na sikio la kushoto alikuwa analigeuzia pembeni kila ukimsemesha. Hakueleza mengi. Alimwambia hooyo kwa Kisomali kwamba waliposikiliza mazoezi ya kutangaza aliyojirekodi kwenye simu yake walicheka sana, mmoja wao akamwomba atangaze kidogo. "Nikatangaza," alisema. "Halafu wakauliza kitambulisho." Simu hakurudishiwa.

Siku ya tatu alikaa nyuma ya nyumba juu ya mtungi wake, mikono mitupu. Nilikuwa nikipita na maji. Akaniita, na kwa Kiswahili, lugha yetu ya mchezo, akaniuliza taratibu:

"Abaayo. Nani alichukua?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo majuma yote. Nilikuwa nimeliota. Nani aliyemchukua, nani aliyewaleta, nani. Ndoo ilinitoka mkononi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisikia washambuliaji. Nilimwambia Madam. Ni mimi, walaal, kaka yangu."

Maji yalifika miguuni kwake na hakuivuta. Alinigeuzia lile sikio zima, kama mtu anayehakikisha amesikia.

"Kombe," alisema mwishowe. "Nilikuwa nauliza kombe."

Nilikimbia ndani nikamletea daftari, kwa sababu sikuwa na kitu kingine duniani cha kumpa. Alilichukua bila kulifungua, akaondoka. Sikuliona tena daftari hilo. Sahal hakunipiga, hakunisema kwa hooyo, hakunitazama vibaya hata siku moja. Lakini kuanzia alasiri ile hakuzungumza nami Kiswahili. Kisomali tu: chai iko wapi, hooyo anakuita, lala salama. Miaka miwili baadaye alihamia Bute kwa mjomba wetu, akaanza kununua na kuuza mbuzi, na yuko huko mpaka leo na mke na watoto. Kitambulisho alikipata akiwa na miaka ishirini na sita. Redioni hakwenda. Alikuja kumzika hooyo, tukakaa siku saba nyumba moja, na hatukusema neno ambalo si la mazishi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sasa, hapa hapa Garissa. Nafundisha kwa karatasi mbele ya mdomo.

Kitu kilichokuwa chini ya redio, ndani ya sanduku la hooyo, ni lile daftari. Nilifikiri Sahal alilichoma. Yeye alimpa hooyo, ambaye hakujua kusoma, naye akaliweka na vitu vyake vya thamani. Fainali yangu iko yote, kwa mwandiko wangu wa miaka kumi unaopanda na kushuka. Na kila mahali nilipoandika mshambuliaji, kuna mstari wa kalamu ya bluu uliolikata, na juu yake, kwa maandishi makubwa ya kulalia upande, neno moja: fowadi. Lango amelikata akaandika goli. Mlinzi, beki. Hakuruka hata moja. Alipitia kurasa zote kumi na moja akayabadilisha maneno yote, mpaka ikawa mechi ambayo mtoto angeielewa.

Nilimpigia simu jioni ile. Tulisalimiana kwa Kisomali, tukasema habari za mvua huko Bute na mbuzi waliokufa. Kisha nikamuuliza kwa Kiswahili:

"Walaal. Nani alichukua?"

Nilisikia kwato na mtu akipigia mifugo mluzi. Nilidhani amekata.

"Weube," akasema kaka yangu. "Kwa benalti."

Sikumsahihisha.